Marehemu Hategekimana

Hategekimana alikuwa amekaa uani anachambua maharagwe wakati binti yake alipokuja kumwambia kwamba yeye ni marehemu.

Hakumwambia hivyo moja kwa moja. Tumukunde alianza kwa kuuliza kama maharagwe yatatosha, akauliza kama mguu umeshinda vizuri, kisha akavuta kigoda akaketi mbele ya baba yake, macho yakiwa kwenye simu aliyoishika. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye digrii, na katika mtaa wao wa Kamembe hakuna aliyekuwa hajui kwamba chuo kimoja cha Ulaya kimemkubali kusomea shahada ya pili ya sera za umma. Wengine walidhani anakwenda kusomea uwaziri. Kilichobaki kilikuwa pesa. Chuo kilisema mlango uko wazi, ila karo, nauli na chakula atafute mwenyewe. Shirika moja la Kigali linalofadhili vijana lilikuwa limemhoji kwa simu tangu msimu wa mvua, na kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa kusubiri. Simu ikilia, hata kama ni mtu amekosea namba, Hategekimana aliacha mwiko ndani ya chungu akasikiliza.

"Papa, bale batu ba buruse ya masomo batakuja hapa siku ya posho," alisema Tumukunde.

"Hapa kwetu?"

"Hapa. Kutakuja maman mumoja kuangalia nyumba na kuongea na famille."

"Ni muzuri. Jumamosi tutapika kuku."

"Papa." Tumukunde aligeuza simu juu chini. "Ile siku balinipigia simu, baliniuliza baba yangu anafanya kazi gani."

"Ukabaambia nini?"

"Nilibaambia ulikufa."

Vidole vya Hategekimana vilikuwa vimeshika jiwe dogo. Alilitupa pembeni, akachukua konzi nyingine ya maharagwe.

Zamani, walipokuwa bado wanaishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Hategekimana alikuwa fundi wa kujenga. Jukwaa la miti lilivunjika akaanguka nalo, nyonga ikapona vibaya, na kutoka siku hiyo hakupanda tena ukuta wa mtu. Sasa alitembea na fimbo. Mke wake, Laurence, aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na yeye alibaki nyumbani kupika, kufua na kufagia ua. Siku ya mahojiano Tumukunde alikuwa chumbani, dirisha wazi, na alimsikia baba yake huko nje akimweleza jirani namna ya kuondoa uchungu kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Swali lilipokuja, jibu lilikuwa pale pale mdomoni: baba yangu anapika nyumbani. Likagoma kutoka. Likatoka lingine. Sauti ya upande wa pili ilishuka, ikasema pole sana, na maswali yaliyofuata yakaja taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Angeweza kusema amekosea. Hakusema.

"Nilikufa na nini?" aliuliza Hategekimana.

"Moyo."

"Moyo," alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Fasi gani?"

"Bukavu. Mbele tuvuke mupaka."

"Kumbe hata huku Rwanda sikufika."

"Papa, nisamehe."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Basi tumungojee," alisema, akaendelea na maharagwe yake.

Laurence alirudi jua likiwa linashuka, karai tupu kichwani, nguo zikinuka samaki. Alisikiliza akiwa amesimama. Walipomaliza kumweleza alitua karai chini, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Miye sitakaa mu salon yangu mujane, na bwana mwenye ananipikia iko mu cuisine," alisema. "Tumukunde, piga ile simu. Waambie ulikosea."

"Maman, banaweza kunitosha ku liste, bafute jina yangu. Batu wenye kusema uongo, banabatosha palepale."

"Kwa hiyo unajua ni uongo."

Hategekimana alisema angeweza kwenda kushinda kwa dada yake huko Nzahaha, arudi mgeni akishaondoka.

"Utapanda pikipiki na ile mguu?" Laurence alimkata. "Halafu mugeni nani atamupikia? Jumamosi miye niko sokoni mpaka saa sita."

Hapo ndipo Hategekimana alipopata wazo ambalo baadaye kila mmoja alitamani lisingempata. Alisema atabaki, na mgeni ataambiwa yeye ni ndugu wa marehemu. Baba mkubwa. Mtu wa ukoo anayekaa na mjane na mtoto kuwasaidia; nyumba kama hizo ziko nyingi.

"Unakubali?" Laurence alimuuliza.

"Mutoto alishasema. Tukimukatalia sasa, njo miye nitakuwa nimemufungia njia."

Ijumaa Tumukunde aliondoa picha ya ndoa ya wazazi wake ukutani. Mahali ilipokuwa imetundikwa palibaki peupe kuliko ukuta wote, ikabidi atundike kalenda ya kanisa juu yake, na kalenda ilikuwa ndogo, kingo za ule weupe zikabaki zinaonekana. Mama yake alimtazama toka mlangoni, akaichukua picha ile na kwenda nayo chumbani, akaifunika kwa kitenge.

Akabaki Shadia. Shadia alikuwa mshonaji, mlango wao na wake ikitazamana, na kila asubuhi alimwita Hategekimana kwa sauti toka ng'ambo ya kichochoro: Papa Tumukunde, umeamkaje. Tumukunde alikwenda kumwomba asimwite hivyo Jumamosi. Alieleza kwa maneno machache, akitazama vipande vya nguo sakafuni. Mteja mmoja alikuwa amekaa pale anangojea gauni lake.

Shadia alisimamisha cherehani. "Papa yako mwenyewe anajua?"

"Anajua."

"Sitamuita vile," alisema Shadia. "Lakini usiniombe nikusaidie kusema ule uongo. Nitafunga mlango wangu, njo vile tu."

Cherehani ikaanza tena. Yule mteja alikuwa anamtazama Tumukunde usoni, wala hakujali kuficha.

Mgeni alifika Jumamosi kwa gari jeupe, akaliacha barabarani na kushuka kichochoro kwa miguu. Aliitwa Ikirezi, mwanamke wa makamo, mpole, aliyesomea Arusha na kurudi na Kiswahili cha huko. Alivua viatu mlangoni bila kuombwa. Tumukunde alimtambulisha mama yake. Kisha akageuka upande wa Hategekimana, aliyekuwa amevaa koti lake la Krismasi.

"Huyu ni baba mkubwa," alisema. "Ndugu yake baba."

"Karibu sana, madamu," alisema Hategekimana.

Alileta kuku, akaleta wali na ndizi, akaleta maji ya kunawa. Ikirezi alimsifu kwa mapishi, akamwambia Laurence ana bahati ya kuwa na shemeji wa namna ile. Aliuliza biashara ya samaki inakwendaje, kodi ya nyumba hulipwa na nani, Tumukunde akisoma ng'ambo mama ataishi vipi. Aliuliza kwa nini sera za umma, na Tumukunde akajibu vizuri, kama alivyojizoeza: kwamba anataka kujua kwa nini mwanamke anayeuza samaki analipa ushuru mara mbili, kwamba anataka mipango inayoandikwa Kigali ifike vijijini, Nyakabuye na Butare, ikiwa bado ina maana. Ikirezi aliandika. Alikuwa ameridhika, hata mtu wa nje angeliona hilo.

Hategekimana alimsogezea Laurence sahani. "Shemeji, ongeza mboga," alisema.

Laurence aliiangalia ile sahani. Akainuka, akaenda uani, na huko nje ikasikika sauti ya mtu anayejifunika mdomo kwa nguo.

"Samahani," alisema Ikirezi kwa upole. "Nadhani tunamkumbusha mbali." Akamgeukia Hategekimana. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Tumukunde hakuwa ameliwaza swali hilo. Alikuwa amemfundisha baba yake mwaka wa kufa, ugonjwa, mahali. Hili hakulifundisha. Alimwona akiweka kijiko chini.

"Alikuwa fundi," alisema Hategekimana polepole. "Alijenga nyumba ya batu mingi. Yake hakujenga. Aliumia kazini, akabakia ku nyumba. Alikuwa anasikia haya, madamu. Asubuhi bibi yake akibeba karai kwenda kuuza, yeye alikuwa anajifanya bado analala, juu asimuone vile anaenda."

"Na mtoto? Alimpenda?"

"Ule mutoto, papa yake alikuwa anaenda kumungojea ku masomo, na fimbo yake, kila saa sita. Siku moja mutoto akamwambia, papa usikuje tena, benzangu banacheka namna unatembea." Alitabasamu kidogo, akimtazama mgeni, si mwingine. "Akasema sawa."

"Akaacha kwenda?"

"Hapana. Alikuwa anasimama nyuma ya kioski, fasi hawezi kuonekana. Mutoto akishapita, naye anarudi, mbali kidogo nyuma yake. Mwaka muzima."

Ikirezi alifuta macho kwa kidole. "Angefurahi sana leo," alisema.

"Angefurahi," alisema Hategekimana, akakusanya sahani.

Tumukunde alibaki amekaa. Alikikumbuka kile kioski. Alikuwa na miaka minane au tisa, na alichokumbuka ni jinsi alivyofurahi kwamba baba yake ameacha kuja.

Ujumbe ulikuja majuma kadhaa baadaye, asubuhi: Tumukunde yumo kwenye orodha ya mwisho, ripoti ya nyumbani ni nzuri, barua rasmi itafuata bodi ikishakaa. Laurence alisoma mwenyewe, akamrudishia binti yake simu, akasema Mungu ni mkubwa, lakini alisema kama mtu anayesalimia mtu asiyemjua vizuri. Jioni hiyo walikubaliana watoe shukrani kanisani Jumapili.

Hategekimana alisema yeye hatakwenda.

"Juu ya nini?" aliuliza Laurence.

"Mchungaji ataita bazazi basimame. Na pale kuko batu ba Kigali banapita. Nani anajua nani anajuana na nani."

Hakwenda Jumapili ile, wala iliyofuata. Akaacha kwenda kwa kinyozi kusikiliza redio. Nguo za kuanika alimwachia Laurence, kwa sababu kamba ya nguo ilionekana toka barabarani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alijifungia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa adabu, kama mpangaji ambaye hataki kumsumbua mwenye nyumba. Mtaani, hata hivyo, habari ilikuwa imekwisha tembea. Mteja wa Shadia hakuwa amekaa nayo hata siku moja.

Siku moja mchana gari jeupe lilisimama barabarani juu ya kichochoro. Tumukunde alikuwa sebuleni. Alitoka akamwita baba yake, hakuna jibu. Chungu kilikuwa jikoni kinafoka povu. Alizunguka nyumba akamkuta nyuma ya choo, amesimama wima kati ya ukuta na ua wa jirani, fimbo ameikumbatia kifuani ili isitokeze.

"Ni bale?" alinong'ona.

"Hapana, Papa. Ni batu ba maji, banakuja kusoma compteur."

"Bameenda?"

"Bado."

"Basi acha nibakie kwanza," alisema. "Enda uangalie chungu."

Alikwenda. Akakitoa chungu motoni, akasimama nacho jikoni bila kujua akiweke wapi.

Kesho yake alipanda hadi mahali penye mtandao mzuri, karibu na stendi, akampigia Ikirezi. Alisema yote kwa pumzi moja: kwamba yule aliyempikia ndiye baba yake, kwamba hajawahi kufa, kwamba familia haina kosa, kosa ni lake.

"Kwa nini unaniambia sasa?" aliuliza Ikirezi. Sauti haikuwa na ule upole. "Nimeandika ripoti. Nimekutetea mbele ya watu. Nililia nyumbani kwenu, Tumukunde."

"Nisamehe, madamu."

"Nitalazimika kuwaambia. Unaelewa hilo? Siwezi kulikalia."

"Ninaelewa."

"Na kitu kimoja ujue," alisema Ikirezi. "Hakuna aliyekuwa anatafuta yatima. Baba mwenye ulemavu, mama muuza samaki, ungepata alama zile zile. Labda zaidi. Hukuhitaji kumuua mtu."

Jibu la shirika lilikuja kwa sentensi tatu, ya mwisho ikimtakia mafanikio. Chuo hakikuweza kumngoja bila fedha. Nafasi yake ikaenda kwa mwingine.

Aliwaambia wazazi wake wakati wa chakula. Laurence aliweka mkono juu ya mkono wa binti yake, akauacha pale. Lakini Hategekimana alisukuma sahani yake.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Papa, sikuweza tena. Nilikuona kule nyuma ya—"

"Ulinizika bila kuniuliza. Nikakubali. Nikavaa koti, nikamuita bibi yangu shemeji mbele ya mugeni. Miye. Sasa umenifufua, tena bila kuniuliza." Hakupandisha sauti. "Na buruse iko wapi? Nilimeza ile haya yote juu ya nini?"

"Hategekimana," alisema Laurence.

"Aseme. Alisoma sana, aseme."

Tumukunde alijaribu. Alitaka kusema kwamba amefanya kwa ajili yake, na alipofungua mdomo akaona kwamba si kweli, au si kweli yote. Kwamba alipopiga ile simu alikuwa anatafuta kupumua yeye mwenyewe. Kwa mara ya pili alikuwa ameamua peke yake habari za mtu mwingine. Akasema hivyo, kwa shida, maneno yakitoka vipande vipande. Baba yake alisikiliza hadi mwisho, akachukua fimbo, akaenda kulala, na mchana wa kesho alipika chakula kama kawaida, ila hakumwita mtu kula. Walijipakulia.

Hali iliendelea hivyo hadi wakati wa kiangazi. Tumukunde alipata kazi katika koperative ya wakulima wa mpunga upande wa Nyakabuye, kuandaa taarifa na kuwasindikiza wakulima hadi ofisi za serikali za sekta. Mshahara mdogo, chumba cha kupanga. Aliomba pia chuo kingine, kwa mwaka ujao, na safari hii alikaa na baba yake uani akamuuliza anataka aelezwe vipi. Hategekimana aliwaza kidogo. "Sema tu napika," alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti yake, refu kuliko ndiyo na hapana, kwa siku nyingi.

Asubuhi ya kuondoka alimkuta baba yake mlangoni, amevaa, fimbo mkononi.

"Twende," alisema. "Nakusindikiza ku stendi."

Njia ilipanda, na walitembea kwa mwendo wa nyonga yake. Mbele ya kibanda cha kinyozi walikuwa wamekaa wanaume watatu wanangojea zamu. Jean-Paul, kinyozi mwenyewe, alimwona Hategekimana kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akasimamisha mashine.

"Ee, marehemu iko anapita," alisema. "Leo batu ba mbinguni bamekupatia ruhusa?"

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka utani ambao wamekwisha uzoea mtu mwenyewe asipokuwapo. Kumbe wakati wote ule hilo ndilo lililokuwa jina la baba yake. Tumukunde akasimama, akawageukia.

"Huyu ni papa yangu," alisema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. "Hajakufa. Ni miye nilisema uongo."

Kicheko kilikatika. Jean-Paul akaitazama mashine yake, akapuliza nywele zilizokwama. Mtu mmoja akasema salama, Mzee, na Hategekimana akaitikia salama.

Walipanda tena hatua kadhaa.

"Sikupenda ubaambie mu njia vile," alisema Hategekimana.

"Nilitaka bajue ni papa yangu."

"Bale banajua. Tangu zamani bananiita Papa Tumukunde." Alisimama kupumua, akiegemea fimbo kwa mikono yote miwili. "Ni weye ulikuwa umesahau."

Hakusema kwa hasira. Tumukunde aliinamisha kichwa, akangoja. Alipoona baba yake amepata pumzi, aliuhamishia mfuko bega la pili ili upande wa kwake uwe wazi, na wakaendelea kupanda, mtu na binti yake, mchana kweupe, katikati ya barabara.